Siku Tatu Bila Jembe

Mama wa Picha hakuanza na uso. Ukiingia dukani kwake, pale Bujumbura, mtaa wa Buyenzi unapopakana na Jabe, umechana nywele na viatu umevifuta kwa jani la mgomba, yeye alikuambia tu, "Lete mukono." Akaushika, akaugeuza, akapitisha kidole gumba chake juu ya vidole vyako kimoja kimoja, kisha akakuambia unatoka upande gani na unalima nini. Kazi yake ilikuwa picha za pasipoti. Uso wako aliuangalia baadaye, tena kwa haraka, kwa sababu alisema uso hauna kazi, kila mutu iko nao.

Mara ya kwanza aliponishika nilimwambia kwamba mimi ni mwalimu. Hiyo ilikuwa kweli. Nikaongeza kwamba jembe niliacha zamani, mikono yangu ni ya chaki. Hiyo haikuwa kweli, na naisema mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani. Jana yake jioni nilikuwa nimepalilia mihogo mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

"Chaki ya kwenu iko nyeusi," alisema, akaniachia mkono.

Sisi watu wa milimani tulimjua kabla ya kumwona. Kijijini kwetu mtu akitaka pasipoti, kwanza anakwenda kwa mkuu wa kilima kuandikiwa kwamba kweli anaishi pale, kisha anakwenda komini, ofisi ya tarafa, kuchukua karatasi ya kuzaliwa, na mwenye mhuri asipokuwepo anarudi kesho, na kesho kutwa. Karatasi zikitimia anashuka Bujumbura kwa miguu, kwa sababu gari la kutushusha ni la kuotea, na viatu anavibeba kwenye mfuko ili vifike vizima. Na kabla hajaondoka lazima jirani mmoja atasema, "Usiende ofisini moja kwa moja. Pitia kwa yule mama wa koti."

Koti lenyewe lilikuwa la rangi ya kahawa, mabega mapana, vifungo vitatu vya ukoo mmoja na kimoja cha kuasiliwa. Lilining'inia kwenye msumari karibu na ukuta uliochorwa ndege inapaa. Ndege hiyo ilifunikwa shuka jeupe tangu pasipoti zilipoanza kutaka picha zisizo na kitu nyuma. Mkulima aliingia na fulana iliyoandikwa jina la bia, akatoka bwana. Kama koti lilimzidi, Mama wa Picha alilikusanya mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, viwili, vitatu, kufuatana na njaa ya mtu, na kwa mbele mtu akaonekana ameshonewa. Wanawake walikuwa na blauzi yao nyeusi na hereni za lulu ya plastiki. Kilimani kwetu ukikusanya picha zote za pasipoti utadhani sisi ni ndugu wa baba mmoja aliyetuachia urithi wa koti.

Halafu ofisi ya pasipoti ikaanza kupiga picha yenyewe, kwa mashine yake, papo hapo dirishani. Mwingine angefunga duka. Yeye aligundua kwamba watu bado wanalitaka koti, basi likawa linatoka. Liliondoka Buyenzi mgongoni mwa mtu, likaenda ofisini, likapigwa picha, likarudi kuvaliwa na mwingine. Nimewahi kusimama nje ya lango la ofisi pamoja na wanaume wawili, wote tukisubiri koti litoke. Hatukuwa tunamwangalia mtu aliyelivaa. Tuliangalia koti tu, na lilipotokeza tukalisogelea wote watatu kwa pamoja, na yule aliyelivaa akashtuka.

Siku yangu mimi nilibanwa vibanio vinne. "Usigeuke," Mama wa Picha aliniagiza. "Mbele uko minisita, nyuma uko kamba ya nguo." Nilizingatia sana. Nilipomaliza dirishani nilimshukuru afisa wa pale, kijana mpole, nikatoka kinyumenyume, hatua baada ya hatua, nikitabasamu, mpaka nikamkalia mapajani mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi na mtoto. Kibanio kimoja kikaruka. Mtoto alikiokota, akakataa kukirudisha.

Lakini siku hiyo sikuwa nimemaliza kitu. Kwenye kioo cha kusoma vidole, mkono wa kushoto ulipita bila maneno. Wa kulia, ambao ndio unaolisukuma jembe, ulikataliwa. Afisa alinifuta kidole kwa kitambaa, akajaribu tena. Akajaribu mara ya tano. "Mwalimu," alisema kwa adabu, akiangalia karatasi zangu, "vidole vyako vimefutika. Viache vipumzike, halafu urudi."

Sasa niseme kwa nini nilikuwa na haraka.

Nina kaka mkubwa Lusaka. Wazazi wetu walipoondoka duniani yeye alikuwa hajamaliza shule, akaacha ili mimi niingie. Alinifundisha kushika jembe kwa kuweka mikono yake juu ya yangu, kwa hiyo mikono yangu ya kulima, kwa kusema kweli, ni yake. Alikwenda kusini nikiwa bado kijana, akafungua kiduka, akaoa, na tangu hapo tulikuwa watu wa simu. Kisha akapata ugonjwa wa sukari, na sukari ikamwingia machoni. Alinipigia akaniambia bila kulia, "Mdogo wangu, njoo ningali naona. Nataka nikuone umekuwa mtu wa namna gani." Kila alipopiga simu alinihesabia kilichobaki. Mara ya kwanza alikuwa bado anasoma namba ya basi.

Hilo nilimsimulia Mama wa Picha siku vidole vilipokataliwa, nikiwa nimeketi kwenye kiti chake cha picha na koti lenye vibanio vitatu. Nilidhani atanihurumia.

"Na ukanidanganya juu ya jembe," alisema. "Mi unaweza nidanganya, mi ni mutu. Mashini haina haya. Siku tatu bila jembe, hapa kwangu, nikuone."

Siku tatu bila jembe ndiyo ilikuwa dawa yake, na aliwapa wote: wa mihogo, wa chai, wachoma mkaa, wanawake wa matofali. Asubuhi maji ya moto na sabuni. Mchana ndimu. Jioni mafuta ya mawese, anayasugua mpaka viungo vinalia, halafu anakuvalisha soksi mikononi ulale nazo. Siku ya nne anakuosha, anakupaka unga wa muhogo kidogo ukaushe jasho, anakuvalisha koti, anakusukuma nje. Kulala ulilala chumba cha nyuma, kwenye mkeka, na chakula alikupikia. Huku akikusema. "Muko wengi sana nyie watu wa milima. Nani amewaita?" Na mkono wake wa pili unakuongezea ugali.

Nilikuwa na shule, basi nilipanda kwanza mlimani nikamwambia mkurugenzi wangu wa shule kwamba naumwa na nakwenda kutibiwa mjini. Nikashuka tena. Siku ya pili ya dawa nilikuwa nimekaa kwenye benchi mbele ya duka, mikono magotini, soksi mbili za kijani mpaka kwenye viwiko. Mama wa Picha alikuwa ameamua kwamba kesi yangu ni nzito, soksi nisivue hata mchana. Gereji ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mafundi walikuwa wameshazoea watu wa soksi, ila mwalimu hawakuwahi kumpata, wakawa wananinyooshea vidole vyao vyeusi na kuniuliza saa. Hapo akaja mkurugenzi wangu kutafuta mnyororo wa pikipiki.

Alisimama. Alinitazama mimi, akazitazama soksi.

"Unaumwa nini hasa?" aliuliza.

Nilifungua mdomo, Kiswahili chote ninachofundisha kikanikimbia. Mama wa Picha akatoka na kijiko cha mawese mkononi. "Ni mugonjwa wa mikono," alimwambia. "Inaambukiza. Musimushike." Mkurugenzi akarudi hatua mbili, akanitakia nafuu kwa mbali, na nadhani mpaka leo hanipi mkono kwa sababu hiyo.

Alipoondoka nilimwambia Mama wa Picha, "Umesema uongo."

"Mi nimesema kwa mutu," alijibu. "Nilikuambia ni kwa mashini hakuna kudanganya."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mkali juu ya ukweli kuliko mtu yeyote niliyemfahamu, na koti lake alilisimulia kila siku asili mpya. Kwa mwenye chai lilikuwa la marehemu mume wake. Kwa mchoma mkaa, la Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka la vitambaa. Mama mmoja wa Kikongo, mfanyabiashara wa dagaa, alimuuliza mbele yangu, akaambiwa liliachwa na mtu aliyekwenda kuoga ziwani. Alisali sala zake tano bila kukosa, na sisi Wakristo alituamsha Jumapili kwa kelele twende kanisani, "musije kunipunguzia baraka ya nyumba." Alisema hapendi wasafiri, wote ni watu wa kukimbia nyumbani. Halafu nikagundua kwamba nakala ya kila picha aliyopiga ameiweka kwenye makopo ya maziwa, na nyuma ya kila moja ameandika, kwa mwandiko wa kulalia kushoto, kilima na kazi. Muhogo. Mkaa. Chai. Jina hakuandika hata moja.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka wowote. Kongo iko pale, ukisimama ufukweni unaiona milima yake yote, Uvira unafika kabla ya chakula cha mchana. Nilimuuliza kwa nini hajaenda hata kutembea.

"Ya nini kwenda? Naiona."

Na Kiswahili changu kilimuudhi. Mimi ninakifundisha kwa kitabu, ngeli kwa ngeli, watoto wa Kirundi wananirudishia kwa sauti, na nilipofika kwake siku ya kwanza nilimwambia, "Shikamoo mama, ningependa kupatiwa huduma ya koti." Aliita majirani waje kusikia. "Redio imeshuka kutoka mulimani," aliwaambia. Tangu hapo alinitaka nimuombe maji ya kunywa kwa Kiswahili changu kila asubuhi, ili apate kucheka kabla ya kazi. Niliomba. Ningefanya nini, mikono imefungwa.

Siku ya nne mashine ilivikubali vidole vyote. Afisa alinipa karatasi ndogo ya kuchukulia pasipoti, akaniambia niitunze kuliko macho yangu. Kaka alikuwa amepiga simu jana yake. Namba za basi hazisomeki tena, alisema, lakini rangi za mashati anaziona.

Sasa nafika kwenye ujinga wangu mkubwa, na nimeuchelewesha makusudi.

Sisi watu wa milimani tukishuka mjini tuna hofu moja kubwa, nayo ni mifuko. Tumeambiwa tangu utoto kwamba karibu na soko la Jabe mkono wa mtu unaingia mfukoni mwako ukitembea na unatoka na ubatizo wako. Kwa hiyo karatasi ya maana haikai kwenye suruali. Inakaa ndani, kifuani, juu ya moyo, unapoweza kuibana kwa kiwiko. Mama wa Picha aliujua ugonjwa huo, na mifuko yote ya koti lake alikuwa ameishona, ya nje na ya ndani, kwa uzi mweusi. Nami, mwalimu wa shule, mtu anayesahihisha madaftari ya wenzake, nilisimama nyuma ya ofisi, nikainamisha kichwa, nikakata ule uzi wa ndani kwa meno. Nikaingiza karatasi yangu juu ya moyo. Nikatembea mpaka Buyenzi nimeibana kwa kiwiko. Nikavua koti, nikalitundika kwenye msumari, nikamshukuru mama, nikapanda mlima nikiimba.

Kilimani nikakumbuka kwamba karatasi lazima itafutiwe mahali pa kufichwa. Nikapekua suruali. Nikapekua mfuko wa viatu. Nilimuuliza mke wangu maswali ambayo mpaka leo ananikumbusha. Nilimchunguza mbuzi. Nilirudi njia yote kwa miguu nikiangalia mitaroni. Kwa Mama wa Picha nilifika nikamuuliza kama nimeacha kitu, akapapasa mifuko ya nje, akaikuta imeshonwa kama alivyoishona, akasema, "Kwangu hakuna kitu inapotea." Ile ya ndani sikumwambia. Nilikuwa nimesahau kabisa, naapa. Au labda niliogopa kusema kuhusu meno. Siku hizi sijui tena ni lipi kati ya hayo mawili.

Karatasi kumbe ilikuwa imepita kwenye tundu la bitana, ikateremka mpaka kwenye pindo la chini.

Aliyepoteza karatasi hiyo anatakiwa aeleze rasmi kwamba ameipoteza. Nikaanza upya: mkuu wa kilima, komini, mwenye mhuri hayupo, mwenye mhuri yupo ila wino umekauka. Mvua ikakata barabara. Mitihani ya watoto ikaja. Kaka akapiga simu akasema mashati yote sasa ni ya kijivu, lakini mlango anauona, mahali mwanga unapoingia. Miezi ikaenda. Hatimaye nikashuka na karatasi zangu zote, na kwa kuwa nilikwenda kujieleza mbele ya watu wakubwa, nikapita kwa Mama wa Picha nikaazima koti.

Nikasimama dirishani ndani ya lile koti, nikiwa na vibanio vinne, nikaapa kwamba karatasi yangu imepotea na sijui iliko. Nilipoinua mkono wa kuapa, pindo lilichakarika. Nalikumbuka vizuri hilo, kwa sababu nilidhani ni tumbo.

Nilipewa siku ya kurudi, mbali. Kabla haijafika, Mama wa Picha alinipigia simu. Yeye hakuwa mtu wa simu, alishika simu kwa kuogopa kana kwamba ni chungu kimetoka motoni. Alikuwa anapiga pasi.

"Mwalimu. Koti yangu inaongea."

Niliuliza inasema nini.

"Chini hapa inaongea karatasi. Nimefungua, nimekuta jina yako. Halafu nikaangalia mufuko ya ndani. Uzi haijakatwa na mukasi, mwalimu. Mi najua mukasi."

Ile karatasi ilikuwa imekwenda ofisini na kurudi mara nyingi kuliko mimi, kwenye migongo ya wakulima wa mikoa yote, imepita mbele ya dirisha lile lile la kuchukulia pasipoti, na pasipoti yangu iko tayari kwenye droo hatua tatu kutoka hapo. Mama wa Picha alikuwa na haki ya kucheka mpaka akauke. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja.

"Mukubwa yako iko bado naona?"

"Anaona mlango," nilisema.

"Shuka leo."

Nilishuka, nikaipata pasipoti, na hapo mtu mwenye akili angepanda basi. Lakini safari inahitaji matayarisho, likizo ya shule ilikuwa bado wiki tano, na katika wiki hizo jirani mmoja mjuzi wa mambo akaniambia kwamba mpakani nako kuna mashine, inasoma vidole upya, na visipofanana unarudishwa. Sijui aliyatoa wapi. Niliogopa. Nikatundika jembe, nikaanza kujipaka mawese kila jioni na kulala na soksi. Mke wangu alilima peke yake wiki tano, na watu waliopita shambani wakimuuliza mume yuko wapi, aliwajibu, "Yuko ndani, anaiva." Nilipoondoka mikono yangu ilikuwa laini kuliko ya padri.

Mpakani hakuna aliyeniomba kidole.

Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya kiduka chake, amevaa shati lililopigwa pasi. Uso wake aliuelekeza karibu na nilipokuwa, si pale hasa. Nilimwita kwa Kirundi. Alisimama, akanyoosha mikono yote miwili, nikampa yangu. Aliishika, akaigeuza, akapitisha vidole vyake juu ya vyangu. Akaacha kutabasamu.

"Sauti ni yako," alisema taratibu. "Lakini hii mikono umeiazima kwa nani?"

Nilicheka ili shemeji yangu asione. Iliniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Nilikuwa nimechelewa kwa macho yake kwa sababu ya uongo mmoja na meno mawili ya mbele, na kile alichokuwa amebakiza cha kunijulia, nimekifuta mwenyewe kwa mafuta ya mawese.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kipande cha ardhi kigumu kilichoachwa kwa kuku. Niliazima jembe kwa jirani. Nikalima asubuhi na jioni, siku zote kumi na mbili nilizokaa, nikawatengenezea matuta ya lengalenga, mchicha wa kwetu, ambayo hakuna aliyeyaomba. Malengelenge yalinitoka viganjani siku ya pili, yakapasuka siku ya nne. Kila asubuhi kaka aliniomba mkono akaukagua kimya, na kila asubuhi aliurudisha. Siku ya kumi na mbili, basi langu likiwa linasubiriwa, aliushika kwa muda mrefu, akaweka mikono yake juu ya yangu kama tulivyofanya tukiwa wadogo, akasema, "Sasa ndiyo unafika."

Nilirudi Buyenzi baada ya muda mrefu kuliko nilivyomwahidi Mama wa Picha. Nilikuwa na sababu: pasipoti ilikuwa inakaribia kuisha, na kaka alikuwa anauliza kwenye simu ni lini nitakuja kupalilia. Duka lilikuwa pale, mafundi ng'ambo walikuwa pale, mmoja akaniuliza saa. Ndani, mkwe wake ndiye aliyekuwa anapiga picha, kwa simu. Mama wa Picha alikuwa amekaa chini ya msumari wa koti, macho yake yamefunikwa na utando mweupe, yote mawili. Mkwe alininong'oneza kwamba anaona mwanga tu.

Nilisimama mbele yake. Sikusema neno. Nilikuwa na aibu ya kuchelewa, na nilitaka kujua kitu.

"Lete mukono," alisema.

Nikaupeleka. Kidole gumba chake kikapita juu ya vidole vyangu, kimoja kimoja, kikarudi kwenye kiganja, kikasimama juu ya sugu lililo chini ya kidole cha shahada.

"Muhogo," alisema. Kisha, "Redio. Umerudi kulima."

Akaniamuru nimuombe maji kwa Kiswahili changu. Nikasema, mama, naomba unipatie maji ya kunywa, na sauti yangu ikakatika katikati ya maji. Hakucheka.

"Mukubwa yako alikuona?"

Nilikuwa nimejitayarishia jibu zuri njia nzima. Badala yake nikamwambia yote, mikono laini, kuazimwa, matuta. Alisikiliza akiwa bado ameushika mkono wangu. Nilipofika kwenye siku ya kumi na mbili alikuwa ameushika kwa mikono yote miwili.

"Na sasa unataka pasipoti ingine," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Siku tatu bila jembe."

"Mama, nikienda tena na mikono ile..."

"Nyamaza, nafikiri." Alifikiri. Gereji walikuwa wanagonga bati. "Ile siku ya kwanza, mashini ilikataa gani?"

"Wa kulia."

"Kushoto ilikubali?"

"Ilikubali tangu siku ya kwanza."

Alitikisa kichwa polepole. Mkwe wake ameniambia baadaye kwamba hajawahi kumsikia akisema yale aliyosema kisha. "Basi mi ndo nilikosea. Nilikupaka yote mbili, kumbe moja ilikuwa muzima." Alipapasa chini ya kiti chake, akatoa zile soksi za kijani. Alizitenganisha. Moja aliirudisha chini ya kiti, nyingine akanivalisha mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, akaifunga kwa kamba.

"Hii ni ya serikali," alisema. Kisha akaupiga kidogo ule wa kushoto, uliokuwa wazi. "Hii usiiguse na mafuta. Hii ni ya mukubwa yako."

Nilikwenda nikakaa kwenye benchi langu, mbele ya mafundi wote, na soksi moja.